Kutuma matokeo ya wanafunzi kwenye makundi ya WhatsApp: sheria inasemaje?

Katibu wa Idara

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninafanya kazi katika chuo kikuu kimoja hapa Tanzania. Kila muhula, matokeo yakishapitishwa, naelekezwa kuwatumia wawakilishi wa madarasa jedwali lote la Excel, nao hulisambaza kwenye makundi ya WhatsApp. Majina huondolewa, zikabaki namba za usajili na alama, kwa hoja kwamba namba peke yake haimtambulishi mtu. Muhula uliopita alikuja ofisini mwanafunzi aliyeondolewa masomoni, analia, kwa sababu wenzake walimpa pole kabla yeye mwenyewe hajaingia kwenye mfumo kuona matokeo yake. Je, utaratibu huu unaruhusiwa? Na nimweleze vipi mkuu wangu wa idara asione kwamba ninamkaidi?

Mwanasheria, Dodoma

Pole kwa hilo, dada, na pole zaidi kwa huyo kijana. Hoja ya namba haina mashiko. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inahesabu namba ya utambulisho aliyopewa mtu kuwa ni taarifa binafsi sawa na jina lake. Hata bila sheria, hebu fikiria karatasi ya mahudhurio inayozungushwa darasani: jina, namba ya usajili na saini vimeandikwa kwenye mstari mmoja, na kila anayesaini anaona ya wenzake wote. Yeyote aliyeipiga picha karatasi hiyo anaweza kulisoma jedwali lako kana kwamba majina hayakuondolewa. Isitoshe, taarifa iliyokusanywa kwa ajili ya kumpima mwanafunzi haipaswi kutumiwa kwa jambo lisiloendana na lengo hilo, na mwenzake wa darasani hana haja yoyote ya kujua kwamba amefeli. Kila mmoja aone matokeo yake kwa akaunti yake.

Afisa Masjala

Naunga mkono, ila naomba tusiwasahau watumishi. Majalada yao ya siri yanatunzwa vizuri kwenye masjala ya siri, lakini ED (cheti cha daktari cha kumpumzisha mgonjwa kazini) ya mtumishi aliyelazwa hospitali inapita mikononi mwa mhudumu, katibu na wahadhiri wawili watatu, ugonjwa ukiwa umeandikwa wazi, kabla haijafika utumishi. Mkuu wa idara anahitaji kujua siku za mapumziko tu, ili apange nani atafundisha vipindi. Taarifa za afya ni nyeti kisheria. Ziwekwe kwenye bahasha iliyofungwa na zipelekwe moja kwa moja utumishi.

Mhadhiri, Nairobi

Kwetu Kenya Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya mwaka 2019, na wengi waliipuuza hadi mwaka 2023, Kamishna wa Data alipoitoza shule moja faini ya Sh 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Tangu hapo wakuu wa taasisi wanasikiliza. Mtajie mkuu wako kwamba chuo chenyewe ndicho kinachowajibika, wala si mwakilishi wa darasa aliyebonyeza kitufe.

Katibu wa Idara

Nawashukuru sana. Dokezo niliandike kwa namna gani? Na mafaili ya mihula iliyopita, ambayo bado yamo kwenye simu yangu, niyafanyeje?

Mwanasheria, Dodoma

Andika dokezo sabili fupi, yaani andiko la ndani ya ofisi, kwa mkuu wa idara, si la kulalamika bali la kupendekeza: kwamba kuanzia muhula huu matokeo yatolewe kupitia mfumo wa wanafunzi peke yake, na kwamba suala hili lipelekwe kwa afisa wa ulinzi wa taarifa binafsi wa chuo. Kama chuo hakijateua afisa huyo, liandike hilo pia. Mafaili yaliyo kwenye simu yako yafute, baada ya kuhakikisha kwamba nakala rasmi zipo ofisi ya mitihani, na uwaombe wawakilishi wa madarasa nao wayafute kwenye makundi.