Safari ya klabu: Dodoma Julai, Mwanza Oktoba au Moshi Februari? Tulinganishe

Katibu Raba
Wakuu salaam. Masika inaelekea ukingoni, madimbwi ya Mikocheni yameanza kukauka, na swali la kila mwaka limerudi: safari ya klabu yetu ya mbio tunaipeleka wapi? Jumamosi pale ufukwe wa Coco tulibishana hadi supu ikapoa, kwa hiyo nimeona tuhamie huku, kila mtu aandike akiwa ametulia.

Mezani kuna mbio tatu. Ya Dodoma, mwezi wa saba. Rock City ya Mwanza, mwezi wa kumi. Na Kilimanjaro Marathon ya Moshi, mwisho wa Februari 2027. Mfuko unabeba safari moja tu ya pamoja. Anayetaka nyingine ajitegemee nauli.

Ombi langu moja: usije ukaandika tu "Moshi ni balaa" ukaondoka. Tuambie zile wiki 10 za kabla ya mbio utafanya mazoezi saa ngapi, kwenye hali gani ya hewa, na utakuwa na nani. Tangu Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu achukue ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo Septemba 2025, tumetoka watu 26 hadi 61, na wengi wa hao wapya hawajawahi kukimbia kilomita 10 bila kusimama. Safari hii ni yao pia.

Kucha Nyeusi
Moshi. Na sababu ninayo, katibu, usinitazame hivyo.

Mbio hizi zipo tangu 2003 na njia yake haina mfano hapa nchini. Ya kilomita 21 mnatoka uwanja wa Ushirika, mnakata mji, halafu mnaanza kuipanda barabara ya Mweka. Migomba kushoto, kahawa kulia, watoto wamejipanga wanataka mikono yenu. Unapanda karibu kilomita 10 hizo, unageuza, unashuka. Marathoni nzima ndiyo yenye roho mbaya: kwanza wanakupeleka barabara ya Dar, tambarare, unajiona bingwa. Wanakurudisha mjini. Ndipo wanakupandisha Mweka ukiwa tayari na zaidi ya kilomita 20 miguuni, na kule juu unafika kwenye kilomita ya 32. Nimefanya mara tatu. Kucha zangu mnazijua.

Mtu akitaka kujua yeye ni mkimbiaji au ni mvaaji wa fulana, aende Moshi.

Mfunga Msafara
Mkuu Kucha, njia umeisifia vizuri ila swali hujalijibu. Wiki 10 kabla ya mwisho wa Februari inaangukia katikati ya Desemba. Desemba hapa Dar anabaki nani? Nyie ndugu zangu wa Kilimanjaro mkishapanda basi tarehe 20 hatuwaoni hadi Januari ianze kuzeeka, na mkirudi mmebeba kilo 4 za mbege na nyama choma.

Halafu ije hiyo Januari. Mimi ndiye ninayekimbia nyuma ya wote kuhakikisha hakuna anayebaki njiani, kwa hiyo naona ambayo nyie wa mbele hamyaoni. Mwaka huu Januari jasho lilikuwa linaanza mtu hajafunga hata kamba za raba. Tulilazimika kuanza saa 10 na nusu alfajiri ili kilomita 18 ziishe kabla jua halijapanda. Saa hizo ni mbwa, bodaboda wasiowasha taa, na sisi. Kundi la mwisho lilianza na watu 14. Wiki ya nne walikuwa 5. Hawakushindwa Moshi hao, walishindwa Januari.

Mpemba wa Ilala
Mfunga Msafara kanitangulia kwa joto, mimi naleta la pili. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kutegemea mwandamo. Maana yake Moshi itakuwa katikati ya mfungo. Karibu theluthi ya klabu ni sisi tunaofunga. Hiyo safari ya pamoja itakuwa ya pamoja na nani?

Sisemi watu wasiende. Nasema mfuko wa klabu usiende.

Na tusisahau kwamba Ramadhani tuna utaratibu wetu na ni mzuri kuliko mbio nyingi. Tunakutana usiku baada ya tarawehe, tunavuka Daraja la Tanzanite na kurudi kwa mwendo wa kuongea, basi. Mbio ndefu tunaziweka kando mwezi mzima. Na ile Jumamosi ya futari, wasiofunga ndio wanaopika. Mwaka huu dada wa Kimara alileta mihogo ya nazi na uji wa pilipili manga, nikamwambia huyu aslimu tu, mambo yaishe.

Dada wa Kimara
Mpemba, nimekusoma. Uji ule ni mapishi ya mama mkwe, kasilimishe yeye kwanza.

Nesi wa Zamu
Kwa ufupi maana naingia kazini. Joto la hapa kwetu tatizo lake si nyuzi peke yake, ni unyevu. Jasho halikauki, linatiririka tu, kwa hiyo mwili haupoi. Ndiyo maana mtu yule yule anakimbia kilomita kwa dakika 7 mwezi wa saba na anashindwa dakika 8 mwezi wa kwanza, akadhani kaishiwa. Hajaishiwa. Apunguze mwendo, anywe maji yenye chumvi kidogo na sukari, na akiona anasikia baridi au kizunguzungu juani asimame hapo hapo, asisubiri ushauri wa kundi.

Wapya: kwa hali hiyo msianzie mazoezi ya kilomita 21 kwenye kiangazi. Nimemaliza.

Ngosha wa Kirumba
Nimewaacha mpigane wenyewe kwa wenyewe, sasa nakuja kuchukua ushindi wangu.

Rock City ni Oktoba. Rudini nyuma wiki 10 mnapata Agosti na Septemba. Ongezeni Juni na Julai za kujenga pumzi. Hiyo ndiyo miezi pekee Dar inapokuwa na adabu: kipupwe, upepo wa kusi, asubuhi unatoka na fulana ya mikono mirefu. Hakuna masika, hakuna mfungo, hakuna Krismasi. Katibu aliuliza wiki 10 zikoje. Hizi hapa.

Mwanza yenyewe mnaijua? Juu ya usawa wa bahari ni zaidi ya mita 1,100, hewa nyepesi, ziwa liko pembeni. Vilima vipo, siwafichi, ila vifupi, si kama ule ukatili wa Mweka. Mkimaliza mnakula sato aliyetoka majini asubuhi. Kesho yake tunakwenda kutembea Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, limefunguliwa Juni 2025. Na mkija kwetu mtalala kwa ndugu zangu, tuko wengi.

Mhazini Bahili
Ngosha, ndugu zako wana vitanda 61?

Naomba niseme kwa niaba ya sanduku. Mwanza kwa basi ni zaidi ya kilomita 1,100. Mtu anakaa kwenye kiti karibu siku nzima, anashuka miguu imevimba, kesho anakimbia, keshokutwa anarudi kwenye kiti kile kile. Kwa ndege sanduku halijui hata kutamka. Dodoma kwa treni ya umeme nauli ya kawaida ni 31,000, unaondoka Ijumaa jioni na usiku huo huo unalala Dodoma. Nauli ya Mwanza kwenda na kurudi inakupeleka Dodoma na kukurudisha, na chenji ya nyama choma inabaki.

Dodoma Julai kuna kibaridi cha kweli asubuhi, hewa kavu. Mbebe mafuta ya kupaka, midomo inapasuka. Na mbio fupi zipo, kwa hiyo mtu wa kilomita 5 hakai hotelini kulinda mabegi.

Mgeni wa Jumamosi
Samahanini, mimi nina wiki ya tatu tu. Hapo Dodoma ndiyo inaonekana rahisi. Lakini kama ni Julai si nimebakiwa na miezi miwili? Jumamosi nilitembea nusu ya njia, na wiki mbili zilizopita mvua ilitufukuza kabisa. Nitaweza?

Mfunga Msafara
Kilomita 5 utaweza, hata 10 kwa kuchanganya kutembea na kukimbia. 21 usijaribu. Na hapo umegusa kidonda cha Dodoma ambacho mhazini hakukisema: wiki zake za mwanzo zinaliwa na masika. Aprili hii tumekutana Jumamosi ngapi? Mbili. Moja kati ya hizo tulikuwa watu 6 na tulikaa kibandani kwa mama wa chapati tukisubiri iache.

Bibi wa Mwisho
Hamjambo wanangu. Nimesoma yote, miwani yangu imechoka.

Mimi nina miaka 63, nakimbia kundi la mwisho na jina hili mlinipa wenyewe. Kwanza acheni kumtaja Akhwari kila ninapochelewa. Yule alimaliza marathoni ya Olimpiki Mexico 1968 akiwa na goti limeumia. Mimi goti langu zima, ni mwendo wangu tu.

Sasa niulize. Mnabishana kuhusu safari inayobeba watu wangapi? Mwaka juzi tulikwenda watu 11, wengine tukabaki tunaangalia picha. Waliokwenda walirudi na vichekesho vyao, wiki tatu nzima ukiwa nao njiani huelewi wanacheka nini. Watatu wa kundi langu waliacha mazoezi hapo, na hakuna aliyewapigia simu isipokuwa mimi na Mfunga Msafara.

Ngosha kasema kweli kuhusu miezi. Juni hadi Septemba ndiyo miezi yetu. Basi tuifanye hiyo miezi, halafu Oktoba, Jumapili inayofuata baada ya Siku ya Nyerere, twende Bagamoyo. Ni kilomita 60 na kitu, Kosta mbili na magari ya wenye magari. Tunaanzia mjini asubuhi, tunashika njia ya Kaole, kiasi cha kilomita 5 kufika kwenye magofu, na 5 kurudi. Anayetaka 20 aende mara mbili. Asiyetaka atembee. Watoto waje. Mchana tunakaa ufukweni na pweza wetu.

Kucha Nyeusi
Shikamoo bibi. Kwa heshima zote: hakuna namba kifuani, hakuna saa, hakuna medali. Hiyo si mbio, hiyo ni mchakamchaka wa shule ya msingi.

Bibi wa Mwisho
Marahaba mwanangu. Ndiyo, ni mchakamchaka. Na wewe ndiye utakayeongoza nyimbo, maana sauti unayo.

Mpemba wa Ilala
Naunga mkono hoja ya bibi, kwa sharti moja. Kaole ni misikiti ya kale na makaburi ya watu. Tugeuzie langoni. Anayetaka kuingia aingie baadaye, kavaa vizuri, kalipa kiingilio, anatembea. Isije ikawa kundi la watu wenye kaptula wanapimana mbio kati ya makaburi ya mashehe.

Ngosha wa Kirumba
Yaani nimeleta hoja ya miezi, bibi kaichukua kaipeleka Bagamoyo. Hii si haki. Ila mama yangu angesema hivyo hivyo, kwa hiyo nanyamaza. Mwanza nitakwenda mwenyewe, anayetaka aniambie, vitanda 4 kweli vipo.

Mhazini Bahili
Kosta mbili, maji, matunda, pweza kwa watu 61 na watoto. Nimepiga hesabu mara mbili kwa sababu sikuamini. Sanduku linaweza, na linabaki na cha kutoa rambirambi likitokea la kutokea. Mwaka huu tumeshazika mara mbili, tusisahau.

Nesi wa Zamu
Nimetoka zamu. Bagamoyo sawa, ila Oktoba joto linakuwa limeanza kurudi na njia ile sehemu nyingine haina kivuli. Tuanze saa 12 kamili, maji kila kilomita 2 na nusu, na gari moja lifuate nyuma. Nitakuja na mkoba wangu.

Kucha Nyeusi
Sawa. Ila mwendo wa mazoezi ya Juni na Julai naomba tuupandishe kidogo. Alhamisi jioni twende vilima vya Chuo Kikuu, Mlimani, mara mbili kwa mwezi. Kushuka ndiko kunakovunja mapaja ya watu Moshi, na huku kwetu bondeni hakuna pa kujifunzia kushuka. Atakayekuja kwa hilo, Februari nitamlipia nusu ya kiingilio. Hata kama ni mtu wa kundi la mwisho.

Mgeni wa Jumamosi
Mlimani ni wapi hasa pa kukutania?

Katibu Raba
Mgeni, nitakuelekeza pembeni.

Nimehesabu ujumbe wa humu na wa simu walionipigia. Bagamoyo 33, Dodoma 12, Mwanza 7, Moshi 5. Wanne hawajasema na mmoja wao amenitumia picha ya mbuzi, sijui nihesabu wapi. Mfuko wa klabu unakwenda Bagamoyo. Wa Dodoma mjipange chini ya mhazini, tiketi za treni mkate mapema. Wa Mwanza mfuateni Ngosha, wa Moshi mfuateni Kucha.

Jumamosi hii tunakutana Coco saa 12 kasoro robo. Kundi la mwisho linaanza dakika 10 kabla ya wengine, ili safari hii sisi wengine ndio tuwafuate. Na zile fulana za kijani za mwaka jana bado 7 ziko kwangu zinachukua nafasi ya nguo za watoto. Mliolipa nusu mnajijua.

Mfunga Msafara
Moja ni yangu. Nimelipa yote, katibu, angalia daftari.