Kaniambia "b ni b tu, mzee" mbele ya foleni nzima!

mzee_wa_laini
Wakuu, naandika nikiwa ndani ya daladala, mikono inatetemeka, tahajia mnivumilie.

Natoka kwa wale wauza intaneti. Mnawajua, wale wenye bango kubwa kuliko ofisi yao. Na yule kijana wa dirisha la mwisho mnamjua pia, kila aliyewahi kupeleka shida pale kapita mikononi mwake.

Nimelipia spidi ya 20 Mbps, yaani megabiti 20 kwa sekunde. Jana nashusha faili la GB 4, kompyuta nimeichomeka waya moja kwa moja kwenye ruta, kwa hiyo habari za waifai mtu asiniletee. Skrini inaniandikia 1.1 MB/s, yaani megabaiti 1.1 kwa sekunde. Limechukua saa nzima! Mke wangu kabandika wali, ukaiva, tukala, vyombo vikaoshwa, faili bado linatambaa. Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne: biti 8 ni baiti 1, 20 gawa kwa 8 unapata 2.5 MB/s. GB 4 ni MB 4,000, zilitakiwa ziishe kwa dakika 26 na sekunde 40. Geuza sasa upande wa pili, 1.1 mara 8 ni 8.8. Nalipa 20 napewa 8.8, hata nusu haijafika!

Nikayaandika yote kwenye karatasi kwa kalamu nyekundu, nikapiga na mstari chini. Nimefika dirishani nimesema kwa upole kabisa, "Mwanangu, nisaidie, hii b ndogo ni biti, hii B kubwa ni baiti." Akaiangalia ile karatasi kama kaletewa samaki wa juzi. Halafu wakuu, HALAFU akageuka akamwita mwenzake: "Njoo umsikie mzee, anasema kuna b ndogo na b kubwa!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kuna mama alicheka mpaka mtoto wa mgongoni akaamka.

Kisha ananiambia, "Mzee, b ni b tu. Mega ni mega." B NI B TU! Mimi niliyeunga laini za simu miaka 19! E1, zile laini kubwa za mitambo ya simu, nimezishika kwa mikono hii, njia 32, kila njia kilobiti 64 kwa sekunde, zidisha upate 2,048, na hakuna siku hata moja mtu aliziita kilobaiti. Kwenye waya biti zinapita moja nyuma ya nyingine, ndiyo maana watu wa simu tunahesabu biti. Faili linahifadhiwa kwa baiti, ndiyo maana kompyuta inahesabu baiti. Ukichanganya umekosea mara nane. Nyama ukilipia kilo ukapimiwa ratili, buchani patachimbika!

Halafu eti nilipie spidi ya 40. Na kikombe chake cha chai akakiweka juu ya karatasi yangu, doa limekaa palepale kwenye 8.8.

Hela siyo inayoniuma. Alimwita mwenzake, wakuu. Alimwita mwenzake aje anisikie!

siti_ya_mbele
Nimewahi. Leteni karanga.

dogo_wa_mtaa
Mzee, kwa herufi moja umeshusha uzi mrefu kuliko hiyo foleni 😂😂

fundi_nguzo
Mzee wangu upo sahihi, ila hata 2.5 kamili usingeiona. Data inasafiri vipande vipande, kila pakiti ya baiti 1,500 ina baiti 40 za anwani na maelekezo, hizo haziingii kwenye faili lako. Ukiona 2.3 shukuru. 1.1 hapana, hapo kuna kitu. Pima usiku wa manane. Ikipanda, mtaa wenu umesongamana. Isipopanda, kamata hao hao.

mzee_wa_laini
Nimepima saa 9 usiku, ni 1.1 ileile. Lakini mkuu, ALIMWITA MWENZAKE.

binti_wa_tanga
Pole sana baba. Huyo huyo aliniambia kilobiti ni uzito wa ruta.

dogo_wa_mtaa
Ruta yangu basi ina kilobiti tatu na chaja 😂

mteja_mlia
Bora nyie mnagombania herufi. Mimi nimenunua fleshi ya GB 64, kompyuta inasema 59.6. Nani kala 4.4?

fundi_nguzo
Hajala mtu. Kiwandani wanahesabu kwa elfu, Windows inagawa kwa 1,024 mara tatu, halafu bado inaandika GB. Ilipaswa kuandika GiB, yaani gibibaiti, jina hilo lipo tangu 1998.

mteja_mlia
Sijaelewa. Nimeibiwa au sijaibiwa? Jibu moja.

mama_vitambaa
Hayo yenu madogo. Nendeni mkanunue kitambaa cha suti. Unataja mita, jamaa anakuvutia yadi. Sentimita 91 unalipia 100! Mita nne nilizolipia fundi kazipima hazifiki tatu na robo tatu, koti la mume wangu limekosa kola.

mkulima_wa_viazi
Yadi inakuliza? Njoo huku shambani uone lumbesa. Gunia limeshajaa, wanaliongezea kilemba juu, wanashona na kamba, linakuwa kama mtu kabeba mtu. Bei? Gunia moja!

mteja_mlia
Lumbesa nayo ni biti au baiti?

mzee_wa_laini
Wakuu turudi kwenye mada jamani. Karatasi ninayo na doa la chai linaonekana. Naipeleka wapi?

fundi_nguzo
Anza na kampuni yenyewe kwa maandishi, wakupe namba ya malalamiko. Wakikaa kimya nenda TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano. Na wewe kwenye barua andika megabiti kwa kirefu, usiandike Mb, asije akaisoma mtu kama yule.

mzee_wa_laini
Asante mkuu. Naandika leo leo. Na kuhusu kumwita mwenzake niandike aya ya kwanza au ya pili?

mkulima_wa_viazi
mama_vitambaa, hicho kitambaa umechukua wapi? Nina harusi ya mdogo wangu mwezi ujao.

mama_vitambaa
Kariakoo, ila usiende Jumamosi. Na beba futi yako mwenyewe. Unataka rangi gani?