Nyumba ya Mungu: zana za baharini zitafaa kwa perege na kambale?

Sahare Pwani:
Salaam wakuu. Tuko watatu hapa Tanga, mwezi ujao tuna siku tatu za kuvua bwawa la Nyumba ya Mungu, upande wa Lang'ata. Zana zetu ni za bahari: mishipi ya mkono ya milimita 0.70, ndoana za changu, chubwi (vizito) za gramu 100 na dhulumati moja (mshipi mrefu wenye ndoana nyingi). Zitafaa? Chambo gani? Huku tunahesabu bamvua (maji kujaa na kupwa sana) na maji mafu (kujaa na kupwa kidogo), bwawani mtu anahesabu nini? Na samaki watafikaje Tanga wakiwa wazima kwa joto lile?

Chelezo:
Huo mshipi wa 0.70 utaanikia nguo. Perege ana mdomo mdogo, hadakii chambo kama changu. Anakinyonya, akihisi uzito anakitema. Chukua 0.20 hadi 0.25, ndoana namba 8 au 10 (kumbuka namba ikipanda hapo ndoana inapungua), na chubwi ya gramu 1 au 2, sentimita 20 juu ya ndoana. Chelezo, yaani kiboya cha kuonyesha samaki akionja, kata kwenye kandambili kuukuu, unene wa kidole cha mwisho. Kikiwa kinene zaidi, perege hawezi kukizamisha na wewe hutajua kama ameonja. Fimbo ya mwanzi ya mita 3 au 4 inatosha.

Pima kina kwanza, kisha weka chambo kiasi cha shubiri moja juu ya tope. Chelezo kikienda upande au kikilala, inua kwa kiganja tu. Ukivuta kwa bega kama uko kwenye ngalawa, utampasua mdomo.

Chambo: nyungunyungu, au donge la unga wa ngano sehemu mbili na wa mahindi sehemu moja, maji ya moto kidogo, kanda mpaka lisinate vidoleni. Changanya nyuzi chache za pamba, la sivyo linayeyuka kabla halijafika chini.

Mgono:
Chelezo yuko sawa ila kwa 0.20 upande wenye visiki. Bwawa lilipojaa miaka ya 1960 lilifunika miti ya nyika, na perege hupenda hapohapo. Weka 0.30, utapoteza samaki wachache wanaoogopa mshipi lakini hutapoteza ndoana kila dakika kumi.

Kuhusu kuhesabu: hakuna bamvua. Hesabu kina cha bwawa, jua na upepo. Pale ni nyika kame kwa sababu milima ya Upare na Usambara inakinga mvua ya bahari. Maji yanaletwa na Kikuletwa na Ruvu, kutoka Meru, Kilimanjaro na upande wa Ziwa Jipe. Kwa hiyo Lang'ata pasinyeshe hata tone, bwawa linaweza kupanda. Likipanda juu ya majani ya ukingoni, samaki wanafuata chakula humo, nawe vulia kina cha mita 1 au 2. Likishuka, kingo zinabaki tope tupu, wanasogea kwenye mkondo wa zamani wa mto na penye visiki. Ukiona ukanda mpana wa tope lililopasuka, usipoteze muda kutupa karibu na ukingo.

Asubuhi mapema perege wako majini mafupi, jua likikaza wanashuka. Mchana upepo ukianza kuvuma, mtumbwi mdogo unajaa maji upesi, kwani mawimbi ya pale ni mafupi na yanafuatana. Rudini kabla.

Leseni ulizieni halmashauri ya upande mnaovulia. Bwawa limegawanyika kati ya Mwanga, Moshi na Simanjiro. Na kokoro, wavu wa kukokota, msiliguse.

Sahare Pwani:
Shukrani. Na dhulumati? Yangu ina ndoana kila mita moja, vitawi (vipande vya mshipi vinavyoshika ndoana) vya sentimita 60.

Mgono:
Itajifunga yenyewe. Vitawi viwili jirani vya 60 vinafikiana kwenye mita moja, na kambale akinasa hujizungusha kama anasokota kamba. Acha mita 2 kati yao, vitawi vya 50, ndoana kubwa za 2/0 hadi 4/0, na kila kitawi kiwe na kiungo cha chuma kinachozunguka. Ndoana 30 zinawatosha. Chambo kiwe na harufu: utumbo wa kuku, minofu ya perege, hata kipande cha sabuni ya mche, maana ina mafuta. Tegeni jua likizama, tegueni kabla halijachomoza. Mkichelewa, chambo kimeoza na kambale amejinyonga. Mshikeni nyuma ya miiba ya mapezi, inachoma vibaya.

Mamba na viboko wapo. Msisimame majini jioni, wala msitupe matumbo ya samaki pale mnapopandia mtumbwi. Kwenye maji yaliyotulia yenye majani kuna kichocho.

Mama Deep Sea:
Wanangu, mmesahau samaki wenyewe. Kambale anapumua hewa, gunia likiwa bichi na kivulini anakaa hai kwa saa nyingi. Perege hana subira hiyo. Mtoeni matumbo na matamvua papo hapo, barafu kilo moja kwa kilo moja ya samaki, iliyopondwa ndiyo imguse, ya bonge iwe juu. Sanduku litobolewe chini, maji ya barafu yakibaki humo nyama inalegea.

Barafu ikiwa shida, fanyeni ng'onda. Pasua mgongoni, chumvi kilo moja kwa samaki kilo tatu au nne, walaze nayo usiku mmoja, suuza, anika kwenye kichanja na si chini. Hewa ya kule ni kavu kuliko ya Tanga, siku mbili tatu wanakauka vizuri. Usiku wafunikeni, na inzi ndio wa kuchunga siku ya kwanza, nyama ikiwa bado na unyevu.