UZI WA MALALAMIKO: Wapinzani wamenadi slemu, wewe unakimbilia kutoa ree! Hivi huwa mnawaza nini?

Wakuu, nina hasira na sitaki mtu aje kuniambia "huo ni mchezo tu". Jumamosi jioni huwa tunacheza briji hapa Mwanga, Kigoma mjini. Kwa msioijua, ni karata za wawili kwa wawili: kwanza mnanadi mizunguko mtakayokula na rangi ya turufu, na slemu ni kuahidi mizunguko 12 (ndogo) au yote 13 (kubwa). Ree ndiyo karata kubwa kuliko zote za rangi yake. Meza ni moja, mimi na shemeji yangu, mume wa dada, dhidi ya jamaa wawili wa Gungu. Wanaofungwa wananunua migebuka ya kuchoma. Mwaka huu nimenunua migebuka mpaka muuzaji ananiita bosi.

Sasa sikieni mambo ya juzi. Jamaa wa kushoto kwangu kafungua mnada kwa nguvu zote, mwenzake akataja kopa, baadaye akaunga mkono shupaza. Jamaa akamuuliza mwenzake ana ree ngapi kwa kunadi 4 bila turufu, akajibiwa 5 pao, yaani hana hata moja. Akakuna kidevu, akapiga 6 shupaza, yaani mizunguko 12, shupaza ikiwa turufu. Wote tukapita.

Zamu ya shemeji kutoa karata ya kwanza. Ana shupaza mbili za ovyo, kopa ree-8-6-3, uru kwini-9-5-2, pao 10-8-3. Hakuwaza hata kidogo. Paa! Ree ya kopa mezani, na anachekelea.

Dami, yaani mwenzake jamaa ambaye karata zake hulazwa wazi, akalaza kopa kingi, kwini, jeki na 10. Basi, biashara ikaishia hapo. Mwenye mkataba, yaani jamaa aliyenadi shupaza, alikuwa na kopa mbili tu, uru ree na 7, pao ree-kingi-4, na shupaza sita zinazoanzia ree kushuka. Akazimaliza turufu zetu, akaingia kwenye kopa, juu ya kwini na jeki akatupa ile 7 ya uru na ile 4 ya pao. Mizunguko 12. Na walikuwa kwenye hatari, hali ambayo bonasi na adhabu huwa kubwa zaidi, kwa hiyo pointi 1,430: 180 za shupaza, 500 za gemu, 750 za slemu.

Mimi huku nimeshika uru kingi-jeki-10-4! Angetoa 2 ya uru tu, naweka kingi, jamaa analazimika kula kwa ree, na ile 7 yake inabaki yatima. Hawezi kuzitumia kopa za dami mpaka kwanza aitoe ree ya shemeji. Shemeji anakula, anaweka kwini ya uru mezani, slemu chali. Na ni uru peke yake ndiyo ingemuua. Pao ingekuwa tumechelewa, kwa sababu tukija kukumbuka uru baadaye, jamaa anakula kwa ree na kopa za kutupia zimeshakomaa.

Namuuliza, ananijibu "ree ukiichelewesha inalala nayo". Ndiyo wimbo wa wengi wenu humu. Hebu tumieni akili. Wamenadi slemu ndogo, wanataka mizunguko 12 kati ya 13, kwa hiyo wewe unatafuta miwili. Ree ni mmoja. Wa pili unatoka wapi? Hawa watu wameulizana, wamejua kabisa kwamba ree moja iko nje, na bado wamepanda mpaka sita. Ree yako wameshaipigia hesabu! Wanachokuombea ni uitoe mwenyewe mapema, tena kwenye kopa ambayo dami aliitaja kwa mdomo wake kwenye mnada.

Najua mtasema kutoa karata ndogo ya rangi uliyo na kwini yake ni hatari. Ni kweli, iko siku utamkuta jamaa ana ree na jeki, dami ana kingi, umempa mzunguko wa bure. Mara nyingi slemu ya hivyo alikuwa anaipata tu. Ukimya haukusaidii pale dami ana rangi ndefu ya kutupia takataka.

Sijasema ree ni haramu. Ukiwa na ree na pia unanusa mzunguko kwenye turufu, toa ree yako ulale usingizi. Wakiruka kwenda sita bila kuulizana chochote, nayo naelewa. Na kwenye 6 bila turufu kaa kimya, usichokonoe chini ya kingi wala kwini, kwa sababu jamaa mara nyingi anahangaikia mzunguko wa 12 na wewe ndiye utamletea. Slemu kubwa vilevile: unahitaji mzunguko mmoja tu, toa karata isiyomsaidia mtu.

Halafu kuna hili la pili, ambalo lilinifanya niondoke mezani bila kuaga. Wamenadi 6 kopa kwa hiari yao, mimi sina pao hata moja, dami aliitaja pao mapema. Nikapiga dabo, yaani kuwapinga kwamba hawafiki, pointi ziongezwe. Dabo ya namna hii ilibuniwa na Theodore Lightner wa Marekani, siyo mimi niliyeiota usingizini Kibirizi. Inamwambia mwenzako atoe rangi asiyoitarajia, hasa ile ya kwanza ya dami, na kwa vyovyote asitoe turufu. Shemeji akatoa turufu! Nikamuuliza kwa upole, "Shemeji, dabo hukuisikia?" Ananiambia alidhani nina hasira.

Dada naye kanipigia jana, eti namfokea mumewe mbele za watu. Nimemjibu mimi sina ugomvi na ndoa yake, nina ugomvi na ree.

Mwenye hoja aje na karata, aniwekee mikono yote minne tuhesabu, matusi abaki nayo. Na kama kuna mtu yuko Ujiji, Katubuka au Bangwe, anaijua dabo ya Lightner na Jumamosi hana kazi, aje PM. Asiwe ndugu yangu tu.