Tupeane uzoefu: Wakristo wa Unguja na Pemba, suala la imani, matendo na wokovu limekugusa wapi?

BintiShangani

Habari za jioni, ndugu zangu. Kutoka kanisa la Mkunazini mpaka Minara Miwili ni mwendo mfupi wa miguu, kupinda vichochoro tu. La kwanza Waanglikana walilijenga palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa 1873. La pili ni la Wakatoliki, kazi ya mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika Unguja 1863. Tu wachache visiwani, tunaoana, tunazikana, na kwa majirani zetu Waislamu sote ni Wakristo, basi. Ila likiulizwa swali la mtu anaokokaje, nyumba moja inatoa sauti mbili. Naomba tusirushiane aya. Leta kisa chako.

Naanza. Mimi Mkatoliki, nimeolewa kwa Walutheri wa uamsho. Mama mkwe, mcha Mungu kwelikweli, aliniuliza mapema tu baada ya ndoa: "Mwanangu, umeokoka?" Nikamjibu, "Mama, nilibatizwa, na Mungu bado ananiokoa." Kwake hilo halikuwa jibu. Yeye anashika kwamba Mungu humhesabia haki mwenye dhambi, yaani humkubali kama mwenye haki, kwa ajili ya Kristo, kwa imani tu, na matendo mema hufuata kwa shukrani. Mimi nimefundishwa kwamba neema humfanya mtu awe mwenye haki kwa ndani, hukua kwa sala, sakramenti na matendo ya upendo, na dhambi ya mauti huipoteza mpaka mtu atubu na kuungama.

Alichoogopa mama ni kwamba nanunua mbingu kwa rozari. Ndipo nikamfungulia mafundisho ya Mtaguso wa Trento ya mwaka 1547, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, uleule uliowapinga Waprotestanti. Unasema wazi kwamba chochote kinachotangulia kuhesabiwa haki, iwe imani au matendo, hakimstahilishi mtu neema hiyo. Ni bure. Akaniuliza, "Sasa tunagombania nini?" Nikamwambia, tunagombania kinachotokea neema ikishaingia ndani ya mtu. Tangu hapo tunabishana vizuri, kwa sababu tunajua tunabishania wapi.

Fundi_Kwerekwe

Dada, kwetu lilitugusa msibani. Baba alifariki Mkatoliki, na sisi watoto wengine tumeshahamia Pentekoste. Mama alitaka Misa ya kumwombea marehemu. Kaka mkubwa akakataa katakata: mtu akishakufa hesabu imefungwa, kama alikuwa ndani ya Kristo yuko salama, damu ya Yesu haihitaji nyongeza. Mama naye akasimama pake: aliyekufa katika neema huenda bado anahitaji kutakaswa, ndiyo toharani, na sisi tulio hai tunamsaidia kwa sala.

Majirani walikuwa wamejaa uani, wametandika mikeka, wanapika. Mzee mmoja wa mtaani, Mwislamu, akamuuliza kaka, "Kwani nyinyi maiti wenu hamuwaombei dua?" Kwake lilikuwa jambo geni, maana wao pale mtaani husoma hitma. Kaka akakaa naye akamweleza taratibu, na mimi nikiwa pembeni nikamwelewa kwa mara ya kwanza. Hakuwa na nia ya kumnyima baba kitu, alikuwa anatetea kwamba msalaba umetosha. Hilo si dogo, na wanaosema Waprotestanti hawawajali marehemu wao wanawakosea.

Misa ilisomwa. Kaka alikaa benchi moja na mama bila kuitikia zile sala za marehemu. Mimi niliitikia, na nasali Pentekoste mpaka leo.

MjukuuWaMkunazini

Shikamooni wakubwa. Sisi Waanglikana wa Zanzibar msituweke kapu moja na Waprotestanti wote. Waliotuletea imani ni wamisionari wa UMCA, chama cha misheni cha Kianglikana, ambao Uanglikana wao ulielekea sana Ukatoliki, na Askofu Frank Weston, aliyeiongoza dayosisi 1908 hadi 1924, alikuwa wa mkondo huohuo. Tunafukiza ubani, tunasema Misa, na bibi yangu hakuikaribia Pasaka bila kuungama kwa padri. Hata hivyo, katika zile kanuni 39 za Uanglikana, ya 11 inasema tunahesabiwa haki kwa imani tu, na ya 12 inasema matendo mema ni matunda ya imani hiyo.

Nilipata mgeni, Mwanglikana wa Dodoma, ambako injili ililetwa na wamisionari wa CMS, chama kingine cha Kianglikana, cha mkondo wa Kiinjili ulio karibu zaidi na Waprotestanti. Alipotoka ibadani aliniuliza kama kweli lile ni kanisa letu sote.

MchumaKarafuu

Weti hapa. Msimu wa karafuu kambi yetu ilikuwa mchanganyiko. Kijana mmoja mlokole alituhubiria kila usiku kuwa matendo hayaokoi. Mwenzetu alipoanguka mkarafuuni akavunjika mguu, kijana huyohuyo ndiye aliyempeleka hospitali na kumgawia ujira wake. Nikamuuliza kama anatafuta thawabu. Akasema, "La, mie nshapewa." Nikamtolea Yakobo 2:24, kwamba mtu huhesabiwa haki kwa matendo, si kwa imani peke yake, akanitolea Waefeso 2:8, kwamba tumeokolewa kwa neema kwa njia ya imani. Nikamwambia usiishie hapo, soma mpaka wa 10, tuliumbwa tutende matendo mema. Akasema huo anaujua kwa moyo.

Kijana_wa_Michenzani

Si walishapatana 1999? Mbona bado tunaulizana?

BintiShangani

Mdogo wangu, walipatana kwa sehemu kubwa, na ni jambo la kumshukuru Mungu. Tarehe 31 Oktoba 1999, kule Augsburg, Ujerumani, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja: tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa kuiamini kazi ya Kristo, si kwa sababu ya stahili yoyote yetu, nasi tunapokea Roho Mtakatifu anayetuita kwenye matendo mema. Wamethodisti waliliunga mkono 2006, na makanisa ya Kireformati 2017.

Ila tamko halikumaliza yote. Toharani ipo palepale, rehema, ule msamaha wa adhabu za dhambi unaotolewa na Kanisa Katoliki, zipo palepale, na mimi na mume wangu bado hatushiriki meza moja ya Bwana. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi kila Jumapili. Makanisa mengi ya Kipentekoste nayo hayamo katika tamko hilo, kwa hiyo Fundi, kaka yako hajafungwa nalo.

Wenye ndoa mchanganyiko hamjasema bado. Watoto mnawabatiza wachanga, au mnangoja waamini wenyewe? Swali hilo linatoka kwenye mzizi huuhuu. MchumaKarafuu, kule Pemba mnafanyaje?