Naomba ushauri: pikipiki inalia "krr krr" nyuma

Habari zenu wakuu. Pikipiki yangu ya cc 125, ninayopigia bodaboda hapa Morogoro, wiki ya pili sasa inalia "krr, krr, krr" kwa nyuma, hasa nikibeba abiria. Mlio unafuata mwendo wa tairi. Hata nikizima injini kwenye mteremko bado unasikika. Cheni nimeipaka oili na kuikaza, brekishuu nimezisugua msasa. Lakini nikiipiga stendi kubwa nikazungusha gurudumu kwa mkono, kimya kabisa! Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Fundi anataka nibadilishe beringi zote (zile ringi za gololi zinazofanya gurudumu lizunguke laini).

Je, beringi mbovu inaweza kunyamaza ikiwa haina mzigo? Na nitajuaje kama ni ya gurudumu au ya kwenye sproketi (ile gia ya nyuma inayovutwa na cheni), kabla sijanunua? Abiria wameanza kuogopa kupanda.