Barabara ya mtaa Migosi, Kisumu: tuombe matuta ya aina gani?

Mkaaji: Wadau, lami yetu imenyooka mita 400 hivi, shule iko katikati. Bodaboda na matatu wanapaa. Matuta mangapi yatatosha?

FundiLami: Manne, lakini si yale membamba ya zege. Hayo hugonga gari tumboni, na dereva hupiga breki ghafla kisha akakanyaga mafuta tena. Tuta la mviringo liwe na mita 3.7 kufuata mwendo wa gari, kimo sentimita 7.5 hadi 10. Yaachane mita 80 hadi 100. Zaidi ya hapo kasi inarudi. Kando ya mtaro acheni sentimita 20, la sivyo maji ya masika yatatuama na kula lami.

Mama Watatu: Hapo kwenye nafasi ndipo bodaboda watapenya!

FundiLami: Kweli kabisa. Simikeni nguzo ukingoni, maji yapite chini.

Dereva wa Kondele: Langoni mwa shule afadhali kivuko cha pundamilia kilichoinuliwa, juu bapa. Na rangi nyeupe, jamani! Tuta lisiloonekana usiku ni mtego. Ulizeni kwanza kama barabara ni ya KURA, mamlaka ya kitaifa ya barabara za mijini, au ya kaunti. Msimwage kifusi wenyewe.